Kwanini Kenya inatuzuia kuuza meno ya tembo wetu wakati sisi ndio tunaolala dunguni?

Dunguni

Wakuu habari za jioni. Naomba wanaojua mnieleweshe maana hili jambo limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita.

Mimi niko kusini huku, vijiji vinavyopakana na pori, nina ekari nne za mahindi na kipande cha ufuta. Usiku wa kuamkia Jumanne tembo saba walianzia kwa jirani yangu wakaja kwangu, mpaka wanaondoka saa kumi alfajiri nilikuwa nimebakiwa na labda ekari moja na nusu. Tulipiga madebe, tukawasha moto, vijana wakamulika tochi, wapi, jike mmoja mkubwa aligeuka akatuangalia kisha akaendelea kula. Mke wangu alikuwa dunguni na mtoto mgongoni na ile nguzo ya dungu tembo akikuegemea tu imekwisha. Askari wamefika asubuhi, siwalaumu, wako wachache na eneo ni kubwa mno.

Fomu ya kifuta jasho, yale malipo ya mazao yaliyoliwa na wanyama, nilijaza msimu wa mwaka juzi, hadi leo kimya. Na mnajua kwa zile kanuni za 2011 mtu akiuawa na tembo familia ilikuwa inapewa kifuta machozi milioni moja? Milioni moja kwa uhai wa mtu, hapo bado hujasafirisha ndugu kwenda msibani.

Sasa nimesikia redioni kwamba serikali yetu ina matani ya meno ya tembo ghalani Dar, ya tembo waliokufa wenyewe na yaliyokamatwa kwa majangili, na kwamba 2010 tuliomba kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyamapori, kule Doha turuhusiwe kuyauza tukakataliwa na mmoja wa waliosimama mbele kutupinga ni Kenya, jirani kabisa, tunaongea lugha moja na hao tembo wenyewe wanavuka mpaka wanakula kote kote. Maswali yangu ni mawili: nchi nyingine inapata wapi haki ya kuniamulia mali iliyo ghalani kwangu? Na je ile hela ingekuja ingenifikia mimi huku au ingeishia njiani?


Mzee wa Nyaraka

Dunguni pole sana, na mshukuru Mungu mama na mtoto wako salama. Nitajibu kwa urefu kidogo maana hili watu huwa wanalianza katikati.

Kitu cha kwanza ambacho wengi hawakijui, aliyepeleka ombi la kupiga marufuku biashara ya meno ya tembo duniani ni SISI, Tanzania. CITES ni mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulisainiwa Washington mwaka 1973 ukaanza kazi 1975, una orodha zake, mnyama akiwekwa Kiambatisho cha Kwanza hakuna biashara ya kimataifa, akiwa cha Pili kuna biashara kwa vibali. Tembo wa Afrika alikuwa cha Pili na ndani ya miaka kumi akachinjwa, inakadiriwa 1979 Afrika nzima walikuwa milioni 1.3 na kufika 1989 wamebaki kama laki sita. Hapa kwetu enzi za Mzee Mwinyi ikabidi jeshi na polisi waingie porini, ndiyo ile Operesheni Uhai ya 1989, na mwaka huohuo tukapeleka ombi tembo ahamishiwe Kiambatisho cha Kwanza. Kenya nao walikuwa upande wetu, Rais Moi Julai 1989 akachoma tani 12 za meno mbele ya kamera za dunia nzima. Oktoba mkutano wa Lausanne, Uswisi, ukapitisha.

Waliopinga unajua ni nani? Zimbabwe, Botswana na wenzao wa kusini. Hoja yao ilikuwa hiihii yako Dunguni, neno kwa neno, kwamba tembo wetu wanaongezeka, wananchi wetu wanaliwa mazao, mbona mnatuadhibu sisi kwa ujangili wa Afrika Mashariki. Na sisi ndio tuliokaa upande wa kuwakatalia. Kwahiyo hiyo haki ya kuamulia ghala la mwenzako tuliitumia sisi kwanza, na ukisaini mkataba unakuwa umeikubali kwa pande zote.

Sasa twende Doha. Katikati hapo wale wa kusini walipambana hadi Harare 1997 ambako Botswana, Namibia na Zimbabwe walirudishwa Kiambatisho cha Pili, 1999 wakauza kama tani 50 Japan. Afrika Kusini ikafuata mwaka 2000. Kisha The Hague 2007, usiku na mchana mawaziri wa Afrika wamefungiwa chumbani, wakatoka na makubaliano: nchi nne zitauza mara moja tena, halafu maombi mapya yasiletwe kwa miaka tisa. Mauzo yakafanyika 2008, zaidi ya tani 100 zikaenda China na Japan kwa dola milioni 15 na ushee.

Mgogoro wetu na Kenya umezaliwa kwenye ile sentensi ya miaka tisa. Ilivyoandikwa inazihusu nchi ambazo tembo wao wako tayari Kiambatisho cha Pili. Sisi na Zambia hatukuwemo, tukasema basi mlango uko wazi kwetu, na Tanzania ikaomba kushushwa Kiambatisho cha Pili na kuuza karibu tani 90. Kenya na wenzake wa Afrika magharibi na kati wakasema jamani tulikubaliana Afrika nzima ipumzike miaka tisa, mnasomaje maandishi mnaacha walichokubaliana watu, na wao wakaleta pendekezo muda urefushwe mpaka miaka 20. Wanasheria wanaweza kubishana hapo hadi asubuhi, mimi naona kimaandishi Tanzania ilikuwa sahihi, ila kwenye diplomasia maandishi peke yake hayabebi kura.

Na kura zenyewe zinahitaji theluthi mbili. Waliotuunga mkono walikuwa wengi kuliko waliotupinga lakini theluthi mbili hatukufika. Kilichotumaliza hasa ni kwamba mwaka mmoja kabla, 2009, Vietnam walikamata zaidi ya tani 6 za meno kwenye shehena iliyotoka Tanzania. Unaombaje ruhusa ya kuuza wakati bandari inavuja hivyo.

Na nikurekebishe, yale ya kukamatwa kwa majangili hayakuwemo kwenye ombi. Yanayoruhusiwa ni ya tembo waliokufa wenyewe au kuuawa kwa kuvamia watu na mashamba, na yajulikane yametoka wapi.

Kuhusu hela, chukua bei ya 2008, ni kama dola 150 kwa kilo, zidisha kwa tani 90 unapata kama dola milioni 13 na nusu. Na masharti yanasema iende kwenye uhifadhi wa tembo na miradi ya jamii zinazoishi nao tu. Sasa utalii mwaka 2023 peke yake umetuingizia zaidi ya dola bilioni 3. Ile ya meno ingekuwa ya mara moja basi. Kama hela ya utalii inayoingia kila mwaka haijakufikia dunguni, ya meno sijui ingepita njia gani tofauti.


Jembe la Mkono

Tutoke tu huko CITES. 2019 baada ya mkutano wa Geneva SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walitoa tamko, na Tanzania ndiyo iliyolisoma, kwamba umefika wakati wa kujiuliza kama kubaki mwanachama kuna faida yoyote. Maneno mazito yale. Kwanini yakaishia pale? Nchi ambazo hazina hata tembo mmoja zinapiga kura sawa na sisi tunaozika watu. Mimi mama yangu mdogo aliuawa akienda kuchota maji saa kumi na mbili asubuhi, usiniambie habari za theluthi mbili.


Wundanyi Boy

Wasee wa TZ salamu kutoka Taita. Pole sana Jembe kwa huyo mama, pole na kwako Dunguni, hii story yako ungebadilisha tu jina la kijiji ningedhani umeandika ukiwa hapa kwetu.

Nataka niongee kama Mkenya lakini pia kama mtu wa kulima. Mnasema Kenya, Kenya, lakini mjue Kenya iliyoenda Doha haikuniuliza mimi pia. Sisi tumezungukwa na hifadhi ya Tsavo, ndovu wakitoka huko wanakuja hadi kwa boma, watoto hawaendi shule mpaka mtu mzima aangalie barabara kwanza. Sheria yetu ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama familia ilipwe milioni tano za Kenya. Kwa karatasi ni pesa mingi kuliko yenu kabisa. Lakini kulipwa ndio shida, madeni yamerundikana miaka na miaka, mimi niko na jirani alifiwa na bwana, watoto wamemaliza shule ya msingi wakiwa bado wanangojea hizo pesa.

Sasa kwanini Kenya inapinga? Kwanza sisi uwindaji ulifungwa 1977, mwaka uliofuata biashara ya vitu vya wanyama ikafungwa pia, kwahiyo mtu wa rika langu hajawahi kuona ndovu kama kitu cha kuuza, hiyo akili haiko. Pili tumezika ndovu wengi sana, miaka ya sabini na themanini Tsavo ilikuwa vita, watu walikuwa wanakuja na bunduki kubwa kuliko za askari. Alafu baada ya hiyo sale ya 2008 tukaanza kuona mizoga tena. 2014 wakaua Satao, hapa Tsavo, ndovu alikuwa na pembe zinafika chini, alipigwa mshale wa sumu wakamkata uso mpaka walimtambua kwa shida. Watu walilia hapa, wazee ambao ndovu hao hao wamewaharibia mashamba. Siwezi kukueleza ukaelewa kama hukuwepo.

Kwahiyo Kenya ikiona nchi jirani inaomba kuuza, haioni ghala lako wewe, inaona yule mtu anakaa mahali na bunduki anawaza, aah, soko limefunguka. Pembe haina pasipoti. Ya Tsavo ikivuka hapo Taveta inakuwa ya Tanzania.

2016 Rais Uhuru Kenyatta alichoma tani 105 za pembe Nairobi. Babangu aliangalia kwa TV akasema hizo ni shule ngapi zimeungua. Na mimi sikuwa na jibu ya kumpa, sitaki kudanganya hapa.


Askari Mstaafu

Nimesoma yote. Naomba niongeze nilichokiona kwa macho.

Nimefanya kazi porini miaka 27. Sensa ya 2009 ilionyesha Tanzania ina tembo 109,051. Ya 2014 ikaonyesha 43,330. Miaka mitano. Watu husoma hizo namba haraka, mimi nilizitembelea kwa miguu. Pori la Selous na maeneo yake 2013 tulibaki na elfu kumi na tatu, mahali ambapo katikati ya miaka ya sabini walihesabiwa zaidi ya laki moja. Kulikuwa na wiki tunatoka doria tunakuta mizoga kila siku, uso umekatwa kwa shoka, ndama amesimama pembeni hajui aende wapi. Wengine waliuawa kwa maboga yenye sumu, na tai waliokula ule mzoga wanakufa nao, unakuta ndege wamelala chini wamezunguka kama wameangushwa na radi.

Waliokuwa wanapiga risasi wengi ni vijana wa vijiji tunavyovijua. Walikuwa wanalipwa kidogo kabisa. Aliyekuwa anapata ni aliyeko mjini na anayepakia kontena. Novemba 2013 pale Mikocheni, Dar es Salaam, ndani ya nyumba moja yalikutwa meno 706. Kila tembo ana meno mawili, wengine moja, pigeni hesabu. 2019 yule mama wa Kichina waliyemwita malkia wa pembe za ndovu akafungwa miaka 15, lakini tembo walikuwa wameshakwisha.

Na upande wa pili nao niuseme, maana ni haki. Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013 ilikuwa na nia nzuri lakini wananchi waliteswa, wengine wakafa, ikasitishwa kabla haijatimiza mwezi na mawaziri wanne wakaondoka. Baada ya pale kuna vijiji ukipita na sare watu wanafunga milango. Zamani taarifa za majangili tulikuwa tunaletewa na wanakijiji wenyewe usiku. Zikakatika. Ukimtesa mkulima umempoteza tembo pia.

Kwahiyo mimi pamoja na kwamba ni Mtanzania na naipenda nchi yangu, nilipata nafuu moyoni tulipokataliwa Doha. Hatukuwa tayari. Angalieni miaka: 2010 tunaomba, na 2009 mpaka 2014 ndiyo wameuawa zaidi ya nusu. 2012 tukawasilisha ombi tena, likaondolewa kabla ya mkutano wa Bangkok. Hapo aliyeondoa alifanya jambo la busara.


Dunguni

Shikamoo mzee Askari, na asante. Nimekusoma mara mbili. Hapa kijijini kuna kijana tumesoma naye aliingia huko, amefungwa, watoto wake wanalelewa na bibi yao. Hela aliyolipwa alinunua bati, na hata hazikutosha nyumba nzima. Kwahiyo unachosema nakijua kwa jina na sura.

Na Mzee wa Nyaraka sikujua kabisa kwamba sisi ndio tulioomba marufuku 1989. Redio haikusema.

Lakini wakuu naona bado kitu kimoja hakijajibiwa. Wote mmenieleza kwanini haifai kuuza, nakubali, tena nilikuja na hasira na zimepungua. Ila ukiuza tembo anabaki kwangu, ukichoma anabaki kwangu, ukimuweka Kiambatisho cha Kwanza au cha Pili anabaki kwangu. Kwenye makaratasi ya serikali yeye anaitwa mnyama mkali na mharibifu, kule mkutanoni ni urithi wa dunia. Huo urithi dunia inaulisha kwa mahindi ya nani? Hao wajumbe wanapokaa Doha na Geneva kuna mtu anasimama anasema tunaomba sasa tujadili ekari mbili na nusu za fulani?


Asha wa Hamburg

Kaka Dunguni, niko Ujerumani mwaka wa tisa sasa, nikuambie inavyoonekana upande huu. Aprili 2024 rais wa Botswana wa wakati ule, Masisi, aliliambia gazeti moja kubwa la hapa kwamba atawatumia Wajerumani tembo 20,000 waishi nao kama wanavyowashauri Waafrika waishi nao, na akasema sitanii. Wiki chache kabla waziri wake alisema atapeleka 10,000 Hyde Park London. Chanzo ni kwamba serikali ya hapa ilikuwa inafikiria kubana zaidi uingizaji wa nyara za uwindaji. Botswana ina tembo kama laki moja na thelathini, hakuna nchi inayoifikia.

Kazini kwangu wenzangu walicheka siku nzima. Mimi sikucheka kwasababu nimekulia Same, namjua babu aliyelala njaa kwa ajili ya tembo. Nikawaeleza, na nikushangaze, walinyamaza wakasikiliza, mmoja akaniuliza kwani hawalipwi fidia? Wanadhani wanalipwa. Yaani mtu anachangia kila mwezi kwenye shirika la wanyama akiamini kabisa sehemu ya ile hela inamlipa mkulima. Sio watu wabaya, hawajui. Na wanaojua hawawaambii kwasababu picha ya ndama wa tembo inachangisha zaidi kuliko picha ya shamba lililolala.

Alafu jambo lingine la kura, tangu 2015 Umoja wa Ulaya umejiunga na CITES kama chombo na unapiga kura zote za nchi zake kwa mkupuo. Johannesburg 2016 wengi wa Afrika wakiwemo Kenya walitaka tembo wote wa bara zima warudi Kiambatisho cha Kwanza, hata Botswana safari hiyo ikasema sawa, Ulaya ikapinga, likaanguka. Kwahiyo wakati mwingine hata Kenya nayo inakataliwa na watu wa mbali vilevile.


Jembe la Mkono

Hapo Wundanyi Boy uniambie na ile ya Longido, huku kwetu karibu na mpaka. Mwindaji amelipia kibali halali, amewinda upande wa Tanzania, hela imeingia kwenye jumuiya ya wanyamapori ya wanakijiji, Kenya mkapiga kelele dunia nzima. Tembo akiwa kwetu ni wetu.


Wundanyi Boy

Jembe nitakujibu polepole kwasababu hii inauma huku. Ndovu wa Amboseli, hifadhi yetu iliyo pale mpakani, wanafuatiliwa mmoja mmoja tangu 1972, kila mmoja ana jina, mama yake anajulikana, bibi yake anajulikana. Baada ya wengine kuuawa upande wenu miaka ya tisini, 1995 kukawa na maelewano kwamba pale karibu na mpaka mkae bila kuwinda, na yakaheshimiwa karibu miaka thelathini. Alafu Septemba 2023 ikaanza tena, kufika 2024 wameanguka kama watano, madume makubwa wenye pembe ndefu kabisa, wale ambao wamebaki wachache sana Afrika nzima. Dume kama huyo akifika miaka thelathini na kitu ndio kwanza anaanza kuzaa vizuri. Mgeni anakuja Amboseli kumuona yeye, na Mmasai wa Kimana anakula kwa sababu yake.

Kisheria hamkukosea, hiyo nakupa. Kibali kilikuwepo. Lakini yale maelewano hayakuwa sheria na yalifanya kazi kwa sababu watu waliheshimiana. Na tukianza kusema ndovu akiwa kwetu ni wetu basi mwezi wa tano akivuka kuja Kenya kula mahindi yangu ni wenu mnakuja kunilipa?


Jembe la Mkono

Hapo kwenye kulipa nimekupata. Sikujua ya 1995. Ila mwanakijiji wa Enduimet, ile jumuiya ya wanyamapori ya huko Longido, naye aulizwe, maana ile hela ya kibali kwake ni zahanati na ada za shule, mkifunga uwindaji mumpe kingine.


Wundanyi Boy

Ni kweli. Wakae chini, Enduimet na Amboseli, wagawane mapato ya watalii wa hao madume. Sioni ni nini inashinda.


Mzee wa Nyaraka

Jembe nilisahau kukujibu la kutoka CITES. Ukitoka unamuuzia nani? Wanunuzi wakubwa wote ni wanachama. China ilifunga soko lake la ndani la meno ya tembo mwisho wa 2017, Uingereza ikatunga sheria yake 2018 ikaanza kutumika 2022, Hong Kong imefunga 2021. Amebaki Japan na yeye mahitaji yameshuka sana. Ukitoka unabaki na ghala lako, umeme wake, walinzi wake, na sifa mbaya juu. Ndiyo maana lile tamko la 2019 liliishia kuwa tamko. Wale wa kusini wanalijua hilo, wanachotafuta wakitishia kuondoka ni kusikilizwa, na kwa hilo siwalaumu hata kidogo.

Na niseme ukweli kuhusu lile la 2008 maana nalo linabishaniwa. 2016 watafiti wawili wa Marekani walitoa hesabu kwamba baada ya yale mauzo ujangili uliruka kwa asilimia 66. Wengine wakapinga njia waliyotumia kuhesabu, wakasema hela iliyokuwa inaongezeka China ingeleta ujangili hata bila mauzo. Mimi binafsi nasimama na mzee Askari, kwa kilichotutokea sisi sina haja ya kusubiri wamalize kubishana.

Dunguni swali lako la nani anasimama kusema habari za ekari mbili na nusu: ndani ya CITES wale wa kusini wameshapendekeza zaidi ya mara moja kiundwe chombo cha jamii za vijijini kiwe na nafasi rasmi ya kushauri. Walio wengi hawajakubali. Kama ningeambiwa nichague jambo moja Tanzania na Kenya wasimame pamoja mkutanoni, ningewaambia waache meno, wachukue hilo. Hapo sioni mkulima wa Taita na wa kusini wanapishana wapi.


Askari Mstaafu

Marahaba mwanangu Dunguni. Kwa sasa kabla mikutano haijakusikia, fomu yako ya mwaka juzi ifuatilie hivi. Hakikisha una nakala yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji na ripoti ya afisa aliyepima shamba. Bila ile ripoti ya upimaji fomu inakaa tu, na mara nyingi shida ni kwamba mpimaji hakufika kwa wakati mazao yakawa yameshaota tena au yameng'olewa. La Jumanne kapigeni picha leo leo, nyayo na mabua yaliyolala, pamoja na jirani yako. Na ule urefu kutoka shamba hadi mpaka wa hifadhi uupime, maana malipo yanategemea umbali, ukiwa karibu sana na mpaka hupewi.


Dunguni

Mzee hilo la umbali sikuambiwa. Nitapima kesho na mtendaji.

Wundanyi nimewahi kusikia huko kwenu mna ua wa mizinga ya nyuki. Inafanya kazi kweli?


Wundanyi Boy

Iko hapa Sagalla, naiona kila siku. Unasimika nguzo, mzinga unauning'iniza kila baada ya mita kumi, unaunganisha na waya mmoja kuzunguka shamba. Ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu anaogopa nyuki vibaya, wanamwingia kwa pua na machoni. Ekari moja wanatumia mizinga 12 ya ukweli na 12 ya mbao tupu za kudanganya, wanapishanisha. Wengi hugeuka. Lakini nisikudanganye, wakati wa ukame nyuki wanahama na ndovu ndio wakati wana njaa zaidi, hapo unaumia. Weka maji karibu na mizinga. Na asali unauza.


Dunguni

Mbao ninazo. Nyuki tunao porini hapo, baba yangu alikuwa mrina asali. Nitaanza na upande unaotazama pori, mizinga sita ya kweli na sita ya mbao, kabla ufuta haujaanza kuchanua. Nikifika kwenye kufunga waya nitakusumbua hapa hapa.